Sehemu ya Nane

Mwalimu Njagi alistaafu akiwa amechoka, na miaka minane ya kustaafu ikamchosha zaidi. Goti la kushoto lilikuwa limekwisha. Kahawa yake pale Runyenjes aling'oa nusu, na ile nusu iliyobaki hakuwa na hamu nayo. Watoto wako Nairobi, wanapiga simu Jumapili. Mkewe ni mtu wa kanisa na vyama vya akina mama, haonekani nyumbani kabla ya saa kumi. Basi mzee wa watu anabaki na redio. Usimcheke. Mtu akisahihisha insha za watoto miaka thelathini na tano, hamu ya kuanza jambo lolote humtoka kabisa.

Jumamosi moja alikuwa barazani anachambua maharagwe, redio iko kwenye stuli. Kilikuwa kipindi cha mchana cha kituo kimoja cha Meru, Enzi Zile, na mtangazaji wake ni Antony, kijana mwenye sauti nene ambaye hizo enzi zenyewe hakuziona. Siku hiyo watu walikuwa wakipiga simu kukumbuka sinema za gari, zile zilizoonyeshwa uwanjani kwenye shuka jeupe, watu wamekaa pande zote mbili za shuka, na wale wa nyuma wakidhani kila askari duniani anapiga risasi kwa mkono wa kushoto. Halafu akaingia mama mmoja wa Timau, aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya ngano. Yeye hakutaka sinema. Aliuliza kama kuna mtu anakumbuka hadithi ya Mauti Majengo, katika jarida la Kizaazaa.

"Ilikatika," alisema yule mama. "Mpaka leo sijui yule tajiri aliuawa na nani."

Sinia ya maharagwe ilimponyoka Njagi, maharagwe yakatawanyika baraza nzima. Mauti Majengo aliiandika yeye.

Sasa ni lazima nikurudishe nyuma kidogo, maana walio wadogo hawajui Kizaazaa ilikuwa nini. Ilikuwa karatasi mbovu, wino unaobaki vidoleni, na kila mwezi jalada lilikuwa na mwanamume mwenye bastola na mwanamke mwenye nywele zilizoinuliwa kama mzinga. Ilifika Meru kwa basi, imefungwa kamba. Nakala moja ilisomwa na watu thelathini. Iliondoka mjini, ikapanda pikapu za miraa mpaka Kangeta, ikasomwa sokoni kwa sauti huku watu wakifunga vibunda, ikarudi haina jalada. Wachimba viazi wa Kibirichia waliandika barua kwa mhariri wakimtukana mwizi wa kwenye hadithi. Wakuu wa shule waliikataza, kisha wakaiomba kwa walimu wao kichinichini.

Mwaka wa themanini na tatu Njagi alikuwa mwalimu wa miaka ishirini na sita, Mwembu aliyepelekwa kufundisha karibu na Meru mjini, hana jamaa wala jiko. Mchana alikula mtaa wa Majengo, kwenye hoteli ya Kasim, mpishi wa pilau aliyesifika mji mzima, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia. Jioni alibaki ofisini na taipureta ya shule, ile ya kupigia mitihani, akiandika habari za tajiri aliyekufa kwa sumu siku ya harusi ya bintiye. Zilipangwa sehemu nane. Saba zilitoka. Mwezi wa Desemba badala ya jarida ikaja barua ya mistari miwili kwamba Kizaazaa imefungwa, na Januari akahamishwa kurudi kwao Embu. Sehemu ya nane hakuiandika. Ingechapwa na nani?

Nakala zake mwenyewe mchwa walizila. Na usifikirie kwamba aliandika kitu kingine baada ya hapo. Aliandika maazimio ya masomo na barua za kuomba uhamisho.

Jumamosi ile simu za redio hazikukatika kwa saa nzima, na wote waliuliza jambo lile lile: nani alimuua tajiri? Njagi akapiga naye. Alipojitaja, Antony alisahau kwamba yuko hewani.

"Mzee wangu, wacha mchezo. Ni wewe kweli?"

"Ni mimi."

"Na hiyo sehemu ya nane iko?"

"Iko," Njagi akasema. Uongo huo ulimtoka mdomoni mwepesi kabisa.

Wakakubaliana kwamba hadithi nzima itasomwa redioni kila Jumamosi, moja hadi nane. Kazi ikawa kuzipata zile saba. Lakini kabla ya kipindi kuisha, Antony akampigia kumwambia kwamba amepigiwa simu na mwanamke wa Majengo, anaitwa Shamima, ana bucha, na anazo zote saba nyumbani. Hazitoki nje ya nyumba hiyo. Mwalimu akizitaka, aende akazisome huko.

Wiki ile Njagi alilala vizuri. Mkewe alimuuliza kama ameanza kunywa dawa mpya.

Alimkuta Shamima buchani asubuhi ya Alhamisi, mama wa miaka hamsini hivi, leso imefungwa kiunoni, anakata mbavu za mbuzi bila kuangalia mkono. Njagi alipojitambulisha, yule mama aliweka kisu chini, akamtazama tangu kofia mpaka viatu.

"Karibu, Mwalimu," akasema. "Mimi ni binti wa Kasim. Baba yuko ndani."

"Kasim wa hoteli? Yu hai?"

"Yu hai. Ana miaka themanini. Soma kwanza, halafu mtaongea. Ana jambo lake la kukuuliza."

Njagi alifurahi, jamani, tena kweli kweli. Alidhani anakwenda kupongezwa. Katika hadithi alikuwa amemtia mpishi wa pilau ya harusi, akamwita Kasim hivyo hivyo, akamwekea na kovu la nyusi. Wakati ule alidhani hiyo ndiyo heshima kubwa anayoweza kumpa mtu.

Aliketishwa sebuleni, akaletewa chai na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe mlikuwa na majarida saba, yamefungwa kwa kitambaa. Akafungua la kwanza. Harufu ile ilimpiga, akafumba macho kidogo. Kisha akasoma. Maskini, alikuwa mwandishi mbaya! Kila mlango ulifunguka kwa kishindo, kila mwanamke alikuwa na macho ya swala, na tajiri alicheka "hahaha" mara nne katika ukurasa mmoja. Lakini hadithi ilikimbia. Njagi alimwonea wivu yule kijana wa taipureta, ambaye hakuchoka wala hakujua kwamba atachoka. Alipomaliza ya sita alikuwa anasoma kwa midomo, kama mtoto wa darasa la pili.

Ya saba hakuifikia. Chakula kililetwa, pilau ya nyama kwenye sinia kubwa, na Mzee Kasim akaingia akishikilia bega la mjukuu wake, Asmaa, msichana wa miaka tisa. Mzee alikuwa amekonda, kanzu inampwaya. Kovu lilikuwa pale pale. Wakasalimiana, wakaulizana hali, kisha Njagi, ambaye alikuwa ametoka Runyenjes alfajiri na njaa inamkata, akanyoosha mkono kwenye sinia.

"Hapana, babu mgeni," Asmaa akamzuia. "Hapa babu yetu ndiye anaonja kwanza. Hata kwa harusi. Yeye akila ndio watu wote wanakula."

"Ndiyo desturi yenu?"

"Ni heshima yake," mtoto akasema, shingo imenyooka. "Hakuna babu mwingine Majengo anafanyiwa hivyo."

Mzee Kasim akachukua tonge moja, akatafuna polepole mbele ya watu wote, akameza. Shamima alikuwa anaangalia mkeka. Ndipo wakala. Njagi aliiona desturi nzuri, akaisifu. Shamima akamwongezea pilau.

Walipomaliza kunawa, Shamima alimtoa mtoto nje, akarudisha mlango. Mzee Kasim akafuta midomo kwa leso.

"Mwalimu," akasema, "nilikukosea nini?"

Njagi hakuelewa. Akadhani uzee unamchanganya mwenzake.

"Nimejiuliza miaka arobaini na zaidi," Kasim akaendelea, sauti haina hasira, imechoka tu. "Ulikuwa unakula kwangu kila siku. Nilikuwa nakuwekea nyama ya pembeni, ile haina mfupa. Siku moja nilikukaripia kwa sababu uliingia na viatu vya matope. Nikasema labda ni hilo. Siku nyingine nilicheka Kiswahili chako mbele ya wateja. Nikasema labda ni hilo. Mke wangu Mwanarusi, Mungu amrehemu, alisema kijana hawezi kumfanya mtu muuaji kwa sababu ya viatu. Sasa niambie mwenyewe. Nilikufanyia nini mpaka ukaandika nimeua mtu kwa chakula changu?"

"Lakini sikuandika hivyo, Mzee Kasim!"

"Uliandika. Mji wote ulisoma."

Akamweleza, na Shamima alipoona baba anapungukiwa na pumzi akasaidia. Ilipotoka sehemu ya saba, mambo yalianza kwa mzaha. Kijana mmoja wa stendi aliingia hotelini akasema, "Onja kwanza, Kasim," watu wakacheka, Kasim naye akacheka, akaonja. Kesho yake wakasema tena. Watu walikuwa wanangoja sehemu ya nane iwaambie vinginevyo, na sehemu ya nane haikuja. Kwenye harusi ya kwanza baada ya hapo walimwita katikati ya ukumbi ale tonge la kwanza, ngoma inapigwa. Kwenye harusi ya tatu hakuna aliyekuwa anacheka. Mwaka uliofuata watoto wawili waliumwa tumbo baada ya sherehe fulani, na chakula hakikuwa hata cha kwake, lakini mdomo wa watu nani ataufunga? Oda zikakauka. Akafunga hoteli, akaingia kwenye bucha kukata nyama ambayo wenzake wataipika. Tonge la kwanza likabaki. Kila shughuli ya ukoo, mpaka nyumbani kwake, mtu atasema tu aonje, hata kama hajui kwa nini. Watoto wa Shamima walipozaliwa na kuanza kuuliza, Shamima aliwaambia kwamba babu huonja kwanza kwa sababu ndiye mkubwa.

Njagi alivuta jarida la saba, akaenda moja kwa moja mwisho. Alikumbuka vizuri alichoandika. Tajiri anakufa, na mkononi mwake inakutwa karatasi yenye maneno matano ya mwisho. Akasoma kwa sauti.

"Sumu imo... katika karamu yangu."

Akasoma tena. Na hapo ndipo alipoiona, herufi moja, imekaa pale tangu mwaka wa themanini na tatu.

Ulimi wa Kiembu hauna ile l ya Waswahili. Mtoto wa Embu huisema l kama r, na akijifunza kuandika, mkono hufuata ulimi. Darasani wanafunzi wa Meru walikuwa wakimcheka Njagi kwa ajili hiyo, na hiyo ndiyo sababu Kasim naye alicheka. Usiku na mchana alijichunga. Lakini mtu anayeandika kwa haraka hajichungi, na karamu ni neno halali, mhariri wa Nairobi hakuwa na sababu ya kulishuku. Njagi mwenyewe aliisoma ikiwa imechapwa, mara ngapi sijui, macho yanaona neno moja na kichwa kinasikia jingine.

"Mzee Kasim, si karamu," akasema. "Ni karamu."

"Ndiyo. Karamu."

"Hapana! Sikiza. Si karamu. Ka-ra-mu." Jasho lilikuwa linamtoka. Miaka arobaini ya kufundisha na kuishi, na ulimi bado ulimsaliti mahali ulipohitajika mara moja tu. Mwisho akachomoa kalamu ya wino mfukoni mwa koti, akaiinua mbele ya uso wa mzee.

"Hii," akasema. "Sumu ilikuwa kwa hii."

Kasim akaitazama kalamu. Akaitazama muda mrefu.

"Yule tajiri alikuwa na tabia ya kuitafuna hii akiwaza," Njagi akasema. "Iko kwenye sehemu ya pili, sehemu ya nne. Karani wake aliipaka sumu. Ndiye muuaji, karani. Wewe ulikuwa mtu mwema wa hadithi yote. Sehemu ya nane ilikuwa yako, Mzee Kasim. Hukunikosea kitu. Ilikuwa herufi moja."

Alidhani mzee atapumua. Wewe pia ungedhani. Kasim alikunja leso yake mara mbili, akaiweka gotini.

"Herufi moja," akasema. "Afadhali ungeniambia nilikukosea."

Shamima akageuka ukutani. Mtu aliyekosa huweza kutubu, na Kasim alikuwa ametubu kwa ajili ya viatu vya matope, kwa ajili ya kicheko, kwa kila kitu alichoweza kukifikiria, na sasa toba yote ile haikuwa na pa kwenda.

"Nitasahihisha," Njagi akasema. "Jumamosi wanaanza kuisoma redioni. Wiki nane tu. Sehemu ya nane nitaiandika leo leo, nitataja jina lako, nitaeleza hiyo herufi. Meru yote itajua hukuua."

"Meru gani?"

"Yote. Simu zilipigwa saa nzima, Mzee Kasim. Watu wanakumbuka."

"Wa Timau na Kangeta wanakumbuka hadithi. Wao hawanijui mimi. Waliokuwa wananijua, wale wa stendi, wale wa harusi, karibu wote nimewazika. Nitakwenda kaburini kuwaambia ni kalamu?" Akavuta pumzi. "Waliobaki Majengo ni watoto. Hawajui kitu. Yule mtoto aliyekuzuia mkono anaringa shuleni kwamba babu yake anaonja kwanza. Wewe ukisema kwa redio nilisafishwa, lazima kwanza useme nilichafuliwa vipi. Atajua kila tonge nililokula mbele yake lilikuwa la nini."

"Naweza kubadilisha jina."

"Hadithi inaitwa Mauti Majengo. Majengo ilikuwa na mpishi mmoja mwenye kovu." Akainua mkono, akaushusha. "Lakini ni yako, Mwalimu. Uliitunga wewe. Mimi nilikuwa na swali moja, umenijibu. Fanya upendavyo."

Njagi aliketi pale na majarida saba magotini. Nikuambie ukweli, alitamani kuondoka nayo. Alitamani Jumamosi ifike, sauti nene isome maneno yake, yule mama wa Timau aambiwe, mkewe asikie, watoto Nairobi wapigiwe simu. Katika maisha yake kulikuwa na kitu kimoja tu alichokianza kwa furaha, na hiki hapa mkononi, kimebaki kumalizwa. Kwa umri wake hakitakuja kingine. Alimchukia yule mzee kidogo, kisha akaona aibu.

Akatoa simu, akampigia Antony hapo hapo, mbele yao.

"Mzee wangu!" Antony akaitikia. "Umezipata? Tumeshaanza kutangaza."

"Zimekwisha," Njagi akasema. "Panya wamekula. Hakuna kinachosomeka."

"Ah, pole sana. Lakini ile ya mwisho unayo. Hata ukinisimulia tu kwa simu mimi nitaitengeneza. Tuambie nani aliua, watu watulie."

Njagi alimwangalia Kasim. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, anangoja.

"Nimesahau," akasema.

"Umesahau? Hadithi yako mwenyewe?"

"Nimezeeka, Antony. Nimesahau."

Kijana akasema, kwa upole ambao vijana huwapa wazee waliokwisha, "Iko sawa, mzee. Usijali. Tutaweka muziki."

Simu ikakatika. Njagi akayafunga majarida kwa kile kitambaa, akayarudisha kwenye mkebe, akafunika. Goti lilikuwa linamuuma na safari ya kurudi Embu ilikuwa mbele yake. Akatafuta fimbo yake.

"Kaa," Kasim akasema. "Unaikumbuka?"

"Naikumbuka."

"Nisimulie."

Basi akaketi, akamsimulia, kwa r zake zote, na hakuna aliyecheka. Namna mpishi Kasim, akiwa selo, anakumbuka kwamba tajiri hakugusa chakula siku ile kwa sababu alikuwa anaona haya kula mbele ya wageni. Namna anavyomwomba inspekta amletee sahani ya tajiri, nayo inakutwa nzima. Namna karani anavyoambiwa aandike jina lake kwa kalamu ya marehemu, aitafune kwanza kama alivyofanya tajiri, naye anakataa, jasho linamtoka. Namna Kasim anavyotolewa, mji mzima umejaa barabarani, na bibi harusi mwenyewe anamwomba apike tena, na watu wanakula kabla yake, wote kwa pamoja, bila kumngoja.

Shamima alikuwa amekaa mkekani. Mzee Kasim alisikiliza mpaka mwisho, amefumba macho.

"Ingekuwa nzuri," akasema.